Kampilan na Mkono Ulioishika: Upanga wa Ufilipino kama Chimbuko la Masimulizi

Wahakiki wa tendi wamezoea kuuliza jagina alizaliwa wapi, alipigana na nani na alikufa vipi. Ni nadra kuuliza silaha yake ilitoka wapi na ni nani aliyekuwa wa kwanza kuitaja. Swali hilo huonekana dogo mpaka inapobainika kwamba katika fasihi kadha silaha ndiyo iliyotangulia: mtunzi aliuona upanga, ndipo akaanza kuutafutia mwenyewe, adui na kisa. Kampilan, upanga mrefu wa visiwa vya Ufilipino, yafaa kuchunguzwa kwa mkabala huo. Kwa muda wa karne tano imesimuliwa na wale iliowajeruhi, na mapadri waliotaka kuwashinda wenye nayo, na waimbaji wa koo za wenye nayo, na hatimaye na watengenezaji wa vibonzo na filamu. Chini ya masimulizi hayo yote kuna ugomvi kuhusu haki ya kusimulia, na ugomvi huo haujaisha.

Kwanza, umbo lake. Kampilan ina makali upande mmoja. Ubapa wake huwa mwembamba karibu na kipini na hupanuka kadiri unavyoelekea nchani, ambapo mara nyingi huchomoza kijimwiba cha chuma ambacho kazi yake inabishaniwa hadi leo. Urefu wake wote hukaribia mita moja, hivyo iliweza kushikwa kwa mkono mmoja au miwili. Kipini huchongwa mithili ya kinywa kilichoachama. Wengine husema ni cha mamba, wengine ni cha joka, na aghalabu hutundikwa shada la manyoya yaliyotiwa rangi. Ala yake ni vipande viwili vya ubao vilivyofungwa pamoja kwa kamba nyepesi. Husimuliwa kwamba mpiganaji hakuwa na haja ya kuuchomoa upanga. Alipiga nao ukiwa ungali alani, kamba zikakatika na mbao zikaanguka. Iwapo jambo hilo lilitendeka mara nyingi au mara moja tu, mtunzi hana haja ya kujua. Mwanahistoria anayo, na tofauti hiyo ya haja ndiyo inayoleta utata katika yote yanayofuata.

Wanaohusishwa zaidi na kampilan ni watu wa kusini mwa nchi hiyo, hususan Wamaranao, Wamaguindanao na Wairanun wa kisiwa cha Mindanao. Kwao ilikuwa silaha ya hadhi, iliyoambatana na watawala na mashujaa. Bolo ya mkulima, ambayo msomaji wa Kiswahili angeiita panga bila kusita, ni kitu kingine. Bolo ilipata hadithi zake katika mapinduzi ya 1896 dhidi ya Uhispania, na mnara wa Andres Bonifacio uliozinduliwa Caloocan mwaka 1933 unamwonyesha kiongozi huyo akiwa na bolo mkononi. Hakuna anayebishana kuhusu nani alikuwa nayo: watu wa kawaida waliichukua kutoka shambani. Njia ya kampilan haikuwa nyoofu kiasi hicho.

Mnamo tarehe 27 Aprili 1521, Ferdinand Magellan aliingia katika maji mafupi ya kisiwa cha Mactan, karibu na Cebu, kwa nia ya kumwadhibu Lapulapu, kiongozi aliyekataa kuutii ufalme wa Uhispania. Shahidi mkuu wa tukio hilo ni Mwitaliano Antonio Pigafetta, ambaye naye alijeruhiwa siku hiyo. Kwa hesabu yake watu 49 waliruka majini, 11 wakabaki kulinda mashua, na waliokuwa wakiwangoja ufuoni walizidi 1,500. Magellan aliandamwa kwa mishale, mikuki na mawe mpaka mtu mmoja alipompiga mguu wa kushoto kwa upanga mkubwa ambao Pigafetta anaulinganisha na kitara, ila ulikuwa mkubwa zaidi. Akaanguka kifudifudi, wengine wakammalizia.

Masimulizi hayo yana ukamilifu wa kuvutia na mapengo matatu. Pigafetta hamtaji aliyepiga. Hamweki Lapulapu mahali popote karibu na mwili wa Magellan. Kwa hakika hamwelezi hata kidogo, wala sura yake, wala umri wake, wala sauti yake. Tena hautaji upanga ule kwa jina la wenyeji. Hata hivyo, katika kitabu hicho hicho kuna orodha ya maneno aliyoyakusanya miongoni mwa watu wa Cebu, na humo neno campilan limeandikwa kuwa jina la panga kubwa za wenyeji, jirani na majina ya majambia na mikuki. Pigo limo katika masimulizi na jina limo katika orodha. Waliounganisha sehemu hizo mbili ni wasomaji wa baadaye, na walikuwa na muda mrefu wa kungoja, kwani hati ya Kiitalia ya Pigafetta iliyohifadhiwa Milan haikuchapishwa mpaka mwaka 1800, Carlo Amoretti alipoitoa.

Uunganishaji huo ni wa busara, na pengine ni sahihi. Lakini ni hitimisho la msomaji, si ushahidi wa aliyeshuhudia, na kutoka hapo ilikuwa hatua fupi tu kuuweka upanga huo mkononi mwa Lapulapu mwenyewe. Hatua hii ya pili haina msingi wowote katika maandishi. Ina msingi katika kanuni ya utendi, ambayo haiwezi kuvumilia kiongozi wa wavamizi auawe na mtu asiye na jina. Ushujaa wa kundi lililosimama katika maji ya ufuoni ukakusanywa mkononi mwa mtu mmoja, na upanga ndio uliotumika kuukusanya. Inafaa kudokezwa hapa kwamba Pigafetta anatoa jambo jingine ambalo lingemfaa mtunzi kuliko upanga wenyewe: washindi walikataa kuurudisha mwili wa Magellan kwa bidhaa za kiasi chochote, kwa kuwa walitaka kuuhifadhi kama kumbukumbu. Humo mna sauti ya watu wa Mactan wakieleza, kwa njia yao, maana ya kile walichokitenda. Ni mojawapo ya sauti chache zao zilizopenya katika kitabu kile.

Baada ya Wahispania kujiimarisha Manila katika nusu ya pili ya karne ya kumi na sita, upanga wa kusini uliingia katika fasihi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1637 Gavana Sebastián Hurtado de Corcuera aliishinda ngome ya Sultan Kudarat huko Mindanao. Mnamo Julai mwaka huo huo mchezo wa kuigiza uliotungwa na padri Mjesuiti, Hieronimo Perez, ulionyeshwa Manila kusherehekea ushindi huo. Kutokana na mbegu hiyo, pamoja na mapokeo ya maigizo ya Kihispania, ilikua tanzu iliyoitwa komedya au moro-moro, ambayo ilienea katika miji na vijiji vya Wakristo na kudumu kwa karne kadha. Muundo wake haukubadilika sana. Falme mbili, moja ya Kikristo na nyingine ya Kiislamu, hupigana. Mwana wa mfalme wa upande mmoja humpenda binti wa upande wa pili. Mwishowe Mmoro hubatizwa au hufa. Wakristo walivaa rangi nzito, Wamoro walivaa nyekundu, na hadhira iliwajua kabla hawajafungua vinywa.

Ajabu ya komedya, kwa mtazamo wa makala haya, ni kwamba tanzu hiyo iliyojaa mapigano ya Wamoro haikuwa na haja ya kuujua upanga wa Wamoro. Mapigano yalikuwa hatua za dansi zilizofuata mwendo wa bendi, na silaha zilikuwa vifaa vya jukwaani vilivyoigiza Ulaya. Mwenye upanga akawa adui wa lazima ilhali upanga wenyewe ukafutwa. Hadhira ya kaskazini ilijifunza kumwogopa mtu wa kusini bila kupata kumsikia hata mara moja akikitaja kitu alichokishika.

Ufa wa kwanza katika ukuta huo ulitobolewa kutoka ndani. Mwaka 1838 mshairi wa Kitagalogi Francisco Balagtas, ambaye pia alitunga komedya, alitoa Florante at Laura. Hadithi yake imewekwa mbali, katika Albania ya kubuni. Florante, Mkristo, amefungwa mtini mwituni, na simba wawili wanamkaribia. Anayewaua simba hao kwa upanga ni Aladin, Mwislamu, aliyepaswa kwa mujibu wa kanuni za komedya kufurahia kifo hicho. Mengi yameandikwa kuhusu tendo hili kama istiara ya nchi iliyofungwa na wakoloni. Lililo karibu zaidi na mada hii ni jepesi: kwa mara moja upanga ulio mkononi mwa Mwislamu umeinuliwa mbele ya msomaji Mkristo na haukumwangukia. Balagtas hakuwa na haja ya kuutaja kwa jina la kusini. Kilichomtosha ni kubadili unapoelekea.

Wakati huo wote, kandokando ya Ziwa Lanao, wenye kampilan walikuwa na fasihi yao ambayo haikungoja kuchapishwa. Darangen, utendi wa Wamaranao, una sehemu 17 na jumla ya mishororo 72,000. Huimbwa na wanaume na wanawake waliofunzwa kazi hiyo, hasa katika harusi, na uimbaji waweza kuchukua siku kadha usiku baada ya usiku. Chuo Kikuu cha Jimbo la Mindanao kilianza kuuchapisha pamoja na tafsiri katika miaka ya 1980, na UNESCO ikautambua mwaka 2005, kisha ikauingiza katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008. Kutambuliwa huko ni jambo jema, japo kuna hatari ya kuudhania kuwa kitu cha orodha.

Jagina mkuu wa Darangen ni Bantugan wa Bumbaran, na kampilan ni silaha yake. Msomaji aliyeujia utendi huu kutoka kwa sanamu za Lapulapu angetarajia upanga uamue kila jambo. Hali si hiyo. Katika kisa chake kinachojulikana sana, Bantugan ni hodari na anapendwa, hususan na wanawake, mpaka kaka yake mfalme Madali anamwonea wivu na kutoa amri kwamba asiwepo yeyote wa kusema naye. Bantugan anaondoka kwa majonzi, anatangatanga, anaugua, na anafia mlangoni pa jumba la kifalme katika nchi ya ugeni. Wenyeji hawajui maiti ile ni ya nani. Kasuku ndiye anayepeleka habari Bumbaran, na ndugu wanalazimika kwenda mbinguni kuirudisha roho yake. Baadaye tu, adui Miskoyaw anapoivamia Bumbaran, ndipo Bantugan aliyefufuka anapopigana. Na hata hapo, kwa kuwa bado ni dhaifu, anashikwa na kufungwa kabla ya nguvu kumrudia na kumwezesha kuvunja pingu na kuangamiza maadui.

Yafaa kulitazama jambo hili kwa makini. Utendi wa watu wanaojulikana duniani kwa upanga wao unamuua jagina wao kwa kunyimwa neno. Kampilan yake imo kiunoni muda wote wa kutangatanga kwake na haina la kumsaidia, kwa sababu aliyemdhuru ni ndugu na kilichomdhuru ni amri ya kunyamaza. Anayemwokoa ni kiumbe mwenye kipaji cha kusema. Upanga una mahali pake, lakini mahali hapo panatanguliwa na jamii ambayo watu wake wanasemezana. Hakuna msafiri, padri wala mwanajeshi aliyeandika habari za Wamoro ambaye angeweza kukibuni kisa cha namna hiyo. Kwao wote silaha inaanza kuwa na maana inapowafikia.

Mfano wa tofauti hiyo unapatikana pia miongoni mwa Watausug wa visiwa vya Sulu, ambao silaha yao mashuhuri si kampilan bali barong, fupi na nene yenye umbo la jani. Wahispania, na baadaye Wamarekani, walisimulia kwa hofu habari za mtu waliyemwita juramentado, yaani aliyekula kiapo, ambaye alijitosa peke yake miongoni mwa askari akiua mpaka auawe. Katika masimulizi ya askari hao mtu huyo hana jana. Anatokeza sokoni au kwenye lango la kambi akiwa tayari na barong mkononi, na hadithi huisha anapoanguka. Kutokana na hofu hiyo Wamarekani walijitungia hadithi yao ya silaha, kwamba bastola ya mwaka 1911 yenye risasi nzito ilibuniwa mahsusi kumsimamisha Mmoro. Malalamiko kuhusu udhaifu wa bastola za awali yalikuwapo na majaribio ya risasi yalifanywa mwaka 1904, lakini mapigano makubwa ya Wamarekani na Wamoro yalikwisha mwaka 1913, bastola hiyo ikiwa ingali mpya. Hadithi imedumu kuliko tarehe zake. Ni hadithi yenye faida, kwani inamfanya adui kuwa tatizo la ufundi. Mamia waliouawa katika mlima wa Bud Dajo mwaka 1906, wanawake na watoto wakiwamo, hawana nafasi ndani yake.

Watausug wenyewe huliita tendo hilo parang sabil, vita katika njia ya Mungu, na huliimba katika tungo ziitwazo kissa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri ya maneno hayo. Sabil ni ile ile ya fisabilillahi, na kissa ni kisa. Kiarabu kiliyasambaza maneno hayo katika pande zote mbili za Bahari ya Hindi. Katika kissa ya Abdulla na Putli' Isara, iliyowekwa katika enzi za Wahispania, Isara anavunjiwa heshima na afisa wa Kihispania. Yeye na mchumba wake wanakwenda pamoja kupigana na wanakufa pamoja. Hapa jana ipo. Kuna kosa, kuna mashauriano, kuna wazazi na kuna uchumba ambao hautapata kuwa nyumba. Silaha inachukuliwa mwishoni, na anayesikiliza analia kabla haijachukuliwa. Mwanaanthropolojia Thomas Kiefer, aliyeandika habari za Watausug katika miaka ya mwanzo ya 1970, alilichukulia tendo hilo kama jambo lenye taratibu na sheria zake za kijamii. Waimbaji wa Jolo walikuwa wamelisema hilo kitambo, ila si katika lugha ambayo mahakama za kijeshi zingeisoma.

Taifa huru lilipohitaji jagina wa mwanzo, lilimrudia Lapulapu. Mnamo miaka ya 1950 Francisco V. Coching, ambaye alikuja kutunukiwa hadhi ya Msanii wa Taifa mwaka 2014, alimchora katika vibonzo, na mwaka 1955 Lamberto Avellana akatoa filamu yake. Filamu nyingine ilifuata mwaka 2002. Mtu ambaye Pigafetta hakumpa uso akapewa kifua kipana, nywele ndefu na upanga. Wachoraji na waigizaji hawastahili kulaumiwa kwa hilo. Pengo lilikuwapo na sanaa hujaza mapengo. Linalostahili kuhojiwa ni upande mmoja wa biashara hiyo. Upanga ambao kwa karne tatu mwenye nao aliwekwa jukwaani ili ashindwe, sasa ulitwaliwa kuwa alama ya ushujaa wa wote, ilhali watu walioendelea kuufua, kuurithi na kuuimba walibaki pembezoni mwa taifa hilo hilo, na tangu miaka ya 1970 wengi wao walikuwa vitani na serikali yake. Taifa lilichukua silaha na kuacha utendi.

Mwaka 2021, Ufilipino ilipoadhimisha miaka mia tano ya vita vya Mactan, mwanasiasa mmoja alidai kwamba Lapulapu alikuwa Mtausug kutoka Sulu. Wanahistoria walipinga, na kwa haki, kwani hapana ushahidi. Lakini dai lenyewe lafaa kusomwa kama wahakiki wanavyosoma tungo. Ikiwa upanga ni wa kusini, na upanga ndio uliomfanya mtu huyo aonekane, basi si ajabu kwamba hatimaye akatokea wa kumvuta mtu kuelekea upanga ulikotoka. Kosa la kihistoria lilikuwa kubwa. Mantiki ya kisimulizi ilikuwa kamili.

Miaka minne kabla ya maadhimisho hayo, kuanzia Mei hadi Oktoba 2017, mji wa Marawi, ulio kwenye ufuo wa Ziwa Lanao na kitovu cha Wamaranao, ulikuwa uwanja wa mapigano kati ya jeshi na wapiganaji waliojitangaza kuwa wafuasi wa Dola ya Kiislamu. Sehemu ya katikati ya mji ilibomolewa kwa mabomu na maelfu ya familia zikahama. Nyumba zilizoteketea zilikuwa za koo zilizotunza vitu vya urithi vizazi kwa vizazi: vyombo vya shaba, hati, nguo za harusi, silaha za mababu. Mtunzi kijana wa Kimaranao anayetaka leo kuandika kisa cha kampilan huenda asipate ya kuitazama nyumbani kwao. Ataanza na misumari iliyobaki ukutani, ikiwa ukuta upo, na na nyanya anayekumbuka ilikuwa ya nani, ilitolewa katika harusi ya nani, na ni sehemu gani ya Darangen iliyoimbwa usiku huo.